Ufunguo wa Pijo: Kutoka Saint-Josse hadi Lyon na Kurudi

Tangu turudi sijapumua. Nikienda kunyoa naulizwa, nikitoka msikitini naulizwa, na juzi muuza samaki wa Chaussée de Wavre aliacha mizani yake akaniuliza mbele ya wateja: eti gari la Tonton Gaspard lilivutwa na breki dauni mpaka Ufaransa? Mwingine kasikia lilishika moto. Mwingine kasikia mzee alinyang'anywa ufunguo na bintiye akalia kama mtoto. Basi naandika mara moja, asomaye asome. Za kuambiwa mzichanganye na hizi za kwangu mimi niliyekuwemo.

Kwa wasiotujua, safari ilikuwa ya watu watatu. Tonton Gaspard, yaani mjomba kama tunavyomwita sote, ni mzee wa Lubumbashi, dereva tangu ujana wake. Mkewe, Maman Colette, ni mshonaji mwenye kichumba chake cha cherehani pale Matonge, kwenye Chaussée de Wavre. Mimi ni Omari, mtu wa Tanga, jirani yao wa ghorofa ya juu hapa Saint-Josse, na kazi yangu ni kutengeneza lifti katika majengo ya ofisi kule Schuman. Wa nne ni gari lenyewe, Pijo 404 ya rangi ya maziwa, sawasawa na ile aliyoendesha Tonton enzi za teksi kwao. Aliinunua hapa hapa Ubelgiji, na tangu siku hiyo hajaruhusu mkono wa fundi mwingine uifungue boneti.

Saint-Josse: tulipobadilisha platini

Gari la zamani kama hili lina platini. Ni vibati viwili vidogo ndani ya distributa, vinavyogusana na kuachana injini inapozunguka, na kila vikiachana plagi inapiga cheche. Nafasi kati yao ni nyembamba kama unene wa ukucha, na kwa sababu vibati vinachakaa, lazima nafasi hiyo irekebishwe kwa mkono kila baada ya muda. Tonton aliirekebisha mwenyewe miaka yote. Alikuwa akifanya hivyo Jumamosi asubuhi, huku anapiga mluzi, na sisi wa ghorofani tukijua kwamba mzee yuko sawa.

Mwaka huu mluzi ulikatika. Mikono yake imeanza kutetemeka, si sana, ila ya kutosha kukosesha ukucha mmoja. Mwezi wa tano gari likamzimikia katikati ya Schuman, mabasi yakapiga honi, askari akaja, na habari zikafika Lyon kwa bintiye Solange. Solange ana maneno machache. Alipompigia kumwalika kwenye ubatizo wa mwanawe, sote tulikuwa mezani, simu ikiwa wazi.

"Papa, uje na train."

"Nitakuja na motoka yangu. Mutoto atatoka ku kanisa ndani ya motoka ya babu yake."

"Bon. Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo basi. "Lakini kama inasimama njiani, hata mara moja, clé unanipa. Hautaendesha tena."

Tonton akaupapasa ufunguo, hiyo clé yenyewe, mfukoni mwake. Kisha akasema, "Kama inasimama, clé ni yako."

Basi hilo ndilo lililokuwa linasafiri nasi, zaidi ya mizigo. Maana Tonton bila ufunguo ule anabaki na kochi na televisheni. Aliwahi kuniambia mwenyewe: "Omari, muntu bila clé ni mugeni ku nyumba yake."

Kesho yake akanijia na sanduku dogo aliloagiza. Ndani mlikuwa na kifaa cha elektroniki cha kuchukua nafasi ya platini. Hakigusani na chochote, hakichakai, hakihitaji kurekebishwa. "Weye unafanya ma-ascenseurs," akasema, akimaanisha lifti. "Ile kintu ya électronique, unaweza kuniwekea?"

Nikakiweka Jumamosi, mtaani kwetu, yeye kasimama pembeni. Nilidhani atafurahi. Nilipozitoa platini na kondensa yake, kile kikopo kidogo cha umeme kinachofanya kazi nazo, alizipokea kwa viganja viwili, akazifuta, akazilaza ndani ya kopo la biskuti. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama makabati yake yakitolewa nyumbani. Gari lilipowashwa likaitika papo hapo, likatulia, likanguruma laini kuliko lilivyowahi kunguruma.

"Inaimba muzuri," akasema. "Sasa miye kazi yangu itakuwa nini?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Nikampa onyo moja tu lililokuwa kwenye maelezo: asiache ufunguo umefunguliwa wakati injini imezimwa, kifaa kitapata joto na kuungua.

"Nimesikia," akasema Tonton. Na ni kweli alisikia. Mnamjua, si mtu wa kupuuza.

Chaussée de Wavre: sala ya kwanza

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, tukapitia kwanza kwenye cherehani ya Maman Colette kuchukua nguo za ubatizo. Hapo tukakwama. Kila mwenye duka alitoka na salamu zake kwa Solange na kila salamu ilikuwa na uzito: mfuko wa unga wa bukari, yaani ugali wao, sombe iliyogandishwa, ambayo sisi twaiita kisamvu, pilipili, vitenge viwili. Maman Colette alikuwa amepika tangu alfajiri. Kuku wangu aliyechinjwa kwa halali alikuwa kwenye karatasi yake ya fedha, imefungwa uzi mwekundu nisije nikala wa wengine kwa bahati mbaya. Yule mama hunifanyia hivyo kila sikukuu bila kuombwa.

Sasa, Tonton haondoki mahali bila sala, na sala yake ina utaratibu. Watu wote huketi ndani ya gari, milango hufungwa, yeye hutia kanda ya kwaya ya parokia yao ya Lubumbashi, halafu huomba juu ya sauti za kwaya. Amefanya hivyo maisha yake yote. Na redio ya Pijo, kama mnavyojua magari yale, haisemi mpaka ufunguo ufunguliwe.

Siku ile tulikuwa tumeziba njia ya basi. Kabla kwaya haijamaliza ubeti wa kwanza dereva akatupigia honi, na nyuma yake teksi, na nyuma yake lori la bia. Tonton akakata kwa "Amina" ya haraka, akawasha, tukaondoka amekunja uso. "Batu ba hapa," akanung'unika, "hawana nafasi hata ya Mungu." Honi zile zilikuwa zimetuokoa, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua.

Msitu baada ya Marche: sala ya pili

Hatukupita njia kuu. Tonton alitaka barabara ya zamani, ile inayopita Namur na kupanda milima ya Ardenne, akisema 404 haikuzaliwa kukimbizana na malori. Ilikuwa raha kweli. Ukungu mwepesi, ng'ombe weupe, gari halikohoi hata kwenye vilima. Maman Colette alilala nyuma akiwa kakumbatia bakuli. Tonton aliendesha kimya, akisikiliza, kama anatafuta kosa. Halikuwapo.

Baada ya Marche tukaingia kwenye maegesho madogo msituni ili tule. Kulikuwa na baridi, tukala ndani ya gari madirisha yamefungwa: bukari, sombe, samaki wa chumvi, na mikate ile ya kukaanga inayokula mafuta. Tulipomaliza, Tonton akafungua ufunguo, akaisukuma kanda. Kwaya ikaanza. Na huku msituni hapakuwa na mtu wa kupiga honi.

Akaomba polepole. Aliiombea barabara, akamwombea mtoto, akaombea moyo wa Solange usiwe mgumu. Madirisha yakafunikwa na mvuke. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa niliposikia ngo, ngo, ngo, juu ya kioo kwa nguvu.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, mbwa mkononi, uso umempauka kwa hofu.

"Monsieur! Ça va? Vous êtes vivants?"

Anauliza kama tu hai! Kumbe alikuwa ametuona kwa mbali, vichwa chini, hatutikisiki, ndani ya gari kuukuu lililojaa ukungu, akajua tumeshauawa na moshi wa injini. Tonton akatoka kumtuliza. Na Tonton hawezi kumtuliza mtu kwa neno moja. Akamwamkia, akaulizia jina la mbwa, akamweleza habari za ubatizo, na Maman Colette akampa mikate miwili kwenye karatasi. Yule mama akacheka mpaka akafuta machozi. Ndani, kwaya ilikuwa inaendelea kuimba.

Tuliporudi kwenye viti nilitaka tuondoke. Tonton akatikisa kichwa. "Sala yenye imekatwa haihesabiwe. Tunaanza tena." Na kweli, akaanza upya, barabara, mtoto, moyo wa Solange. Akafika mwisho, akanigeukia.

"Omari, na weye omba ya kwenu. Mungu anajua luga zote."

Ningekataaje? Nikainua mikono, nikasoma dua ya safari. Ningeishia hapo. Lakini mtu akikupa nafasi kama ile, na wazee wawili wamefumba macho wanakungoja, ulimi unafunguka. Nikamwombea mama yangu kule Tanga. Nikamwombea Solange. Nikaiombea na mikono ya Tonton, itulie. Nilipomaliza, kanda nayo ikafika mwisho wa upande, ikajizima tak.

Katika kimya kile ndipo niliposikia harufu. Plastiki iliyoungua.

Tonton akazungusha ufunguo. Starta ikazunguka, ikazunguka, basi. Sikuhitaji kufungua boneti. Kile kifaa nilichokitolea onyo mwenyewe, kwa mdomo huu huu, tulikuwa tumekipika taratibu tangu mwanzo wa sala, na mimi ndiye niliyeongeza kuni za mwisho.

Nikamweleza Tonton. Hakukasirika. Alitazama mbele tu, kwenye kioo chenye mvuke, akaweka mikono yake juu ya magoti ili itulie. Nilimwona amezeeka pale pale. Kutoka nyuma Maman Colette akasema, "Leo Mungu ametusikia sana."

Mama wa mbwa, ambaye hakuwa amefika mbali, akarudi na kutaka kuita gari la kuvuta. "Hapana, madame," akasema Tonton. "Merci. Hapana." Aliona tayari picha ya Pijo ikifika Lyon mgongoni mwa lori.

Ndipo Maman Colette aliposhuka, akafungua buti, akatoa mfuko wa unga, akatoa mfuko wa vitenge, na chini kabisa akatoa lile kopo la biskuti. Tonton alikuwa ameliacha nyumbani makusudi, kwa uchungu. Mkewe ndiye aliyelitia garini kwa siri.

Mimi nikazitoa nyaya na kile kifaa kilichokufa, nikazirudisha platini na nyaya za kondensa mahali pake. Hizo ni kazi zangu. Kurekebisha platini nilikuwa sijawahi. Tonton akainama na bisibisi. Skrubu ni ndogo kama punje ya mchele, na mkono wake ukafanya kile tulichokuwa tunakiogopa. Skrubu ikaruka, ikapotelea majanini. Akajaribu kuinama kuitafuta, akasimama, akageuka upande wa miti.

Maman Colette akachukua sumaku yake ya kuokotea pini, akaipitisha juu ya majani mara mbili tatu, ikaja na skrubu. Hakumrudishia mumewe. Hakunipa mimi. Akavaa miwani ya kushonea, akaingiza mikono yake ndani ya injini.

"Omari, tia gia ya mwisho, usukume polepole. Polepole! Simama."

Nilikuwa nalisukuma gari ili injini izunguke kidogo kidogo mpaka vibati viachane kabisa, naye alijua vilipoachana. Akachana kipande cha boksi la biskuti za mdalasini tulizobeba, akakipima kwa ukucha wa kidole gumba, akakiingiza katikati ya vibati, akakaza skrubu. Akakivuta. Kikatoka kirahisi mno. Akalegeza, akakaza tena, akavuta, safari hii kikakwaruza kidogo.

"Njo hapo," akasema, yaani ndipo penyewe. Mama wa mbwa, aliyekuwa ameshikilia kifuniko cha distributa kama sahani ya kanisani, akamrudishia. Tonton alikuwa amegeuka, anatazama. Akaingia garini, akazungusha ufunguo, Pijo ikakohoa, ikakohoa tena, ikakubali. Ngurumo ilikuwa ile ya zamani, yenye mikwaruzo yake.

Hadi Dijon: maneno machache

Tulipita Bastogne, tukapita Arlon na Luxembourg, tukipeana chupa ya maji tu. Nilikuwa natafuta hoja ya kumpa Solange. Nilijiambia gari halikusimama njiani, maana lilikuwa tayari limesimama, tumeegesha wenyewe. Gari lililoegeshwa litasimamaje tena? Nikaipanga hoja hiyo vizuri, kama wakili.

Tulilala katika hoteli ya madereva karibu na Dijon. Kwenye chakula cha jioni walituletea nyama ambayo mhudumu aliapa ni ndama, mimi nikala viazi vyangu na kuku wa uzi mwekundu. Katikati ya mlo Tonton akaweka uma chini.

"Colette. Nani alikufundisha?"

"Weye."

"Miye? Siku gani?"

"Siku zote, Gaspard. Kule Lubumbashi nani alikuwa anakushikia tochi? Ulifikiri nafunga macho?"

Tonton akaangalia mikono yake, kisha ya mkewe, yenye mafuta meusi chini ya kucha.

"Ile kintu ya Omari," akasema mwishowe, "haiombe mukono ya muntu. Njo maana sikuipenda. Platini iko naomba mukono kila mara. Miye nilifikiri inaomba mukono yangu tu."

Nimefikiria maneno hayo tangu siku ile. Kazini kwangu nabadilisha vitu vinavyohitaji mkono kwa vitu visivyohitaji, na napewa asante. Sijawahi kumuuliza mtu yeyote mkono wake umebaki unafanya nini.

Lyon: ufunguo

Solange alitungojea mlangoni, mtoto begani. Alikumbatia mama yake, akanisalimia mimi, kisha akasimama mbele ya baba yake.

"Papa, ilisimama?"

Nilifungua mdomo na hoja yangu ya wakili. Tonton akanishika bega.

"Ilisimama," akasema. "Tuliomba mpaka ikaungua." Akautoa ufunguo mfukoni, ule wenye kipande cha ngozi kilicholainika kwa miaka, akauweka kwenye kiganja cha bintiye. Mkono wake ulikuwa unatetemeka na hakuuficha. Nilitazama pembeni. Niliona uchungu kweli, kama ni baba yangu.

Solange hakujua acheke au alie, hasa alipoelezwa habari ya mama wa mbwa. Kisha akamgeukia mama yake amchukue mtoto, na Maman Colette akarudisha mikono nyuma.

"Ngoja ninawe kwanza. Niko bado na mafuta."

"Mafuta ya nini?"

"Ya platini."

Solange akaishika mikono ile, akaigeuza, akazitazama kucha. Akamtazama baba yake. Kisha akaufumba ufunguo ndani ya mkono ule mweusi.

"Papa, ulisema clé ni yangu, non? Basi ni yangu. Namupatia Maman."

Nisiwachoshe na ubatizo. Mtoto alitoka kanisani ndani ya Pijo, bibi yake kwenye usukani. Maman Colette ana leseni ya siku nyingi, huendesha kigari chake cha kubebea vitambaa, ila usukani wa Pijo hakuwahi kuugusa. Wengine watasema kwa heshima. Mimi nasema alichoka kubishana.

Kurudi Saint-Josse

Tonton alikaa kiti cha abiria akimsahihisha mkewe gia mpaka Nancy. Baada ya Nancy akasahihisha breki. Karibu na Luxembourg nikasikia kimya, nikachungulia, mzee amelala, mdomo wazi, mikono imetulia mapajani. Sikuwahi kumwona akilala ndani ya gari. Maman Colette akapunguza mwendo kwenye kona asimwamshe.

Tulipofika, niliagiza kifaa kingine. Nilidhani watakikataa. Maman Colette akaniambia nikiweke: "Macho yangu nayo itachoka siku moja." Platini zimerudi kwenye kopo, na kopo liko chini ya kiti cha dereva. Jumamosi moja moja yeye na Tonton hulifungua, huzisafisha bila sababu, na mluzi umerudi. Sasa hivi mnausikia wenyewe, msiniulize.

Na kwa wanaouliza kama tumejifunza: Jumapili iliyopita tulikuwa tunakwenda Namur. Tukaketi, milango ikafungwa, Tonton akasafisha koo akaanza kuomba. Aliimba wimbo wa kwaya yeye mwenyewe, kwa sauti iliyopasuka. Akamaliza barabara, akaingia kwa mjukuu, akaingia kwa majirani mmoja mmoja, mimi jasho linanitoka, nachungulia chini ya usukani. Tundu la ufunguo lilikuwa tupu.

Maman Colette, macho bado ameyafumba, akainua ngumi yake, akaifungua kidogo tuone.

"Ombeni tu," akasema. "Na weye, Omari, omba ya kwenu yote. Clé iko na miye."